Mwanamke Mwingine Ndani ya Mama

Juzi binti yangu, mzaliwa wa Kahama mjini, alimwamkia bibi yake kwa Kisukuma kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyemwambia apige magoti. Yalipinda yenyewe, na sauti ikashuka. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni mwangu, kwenye zahanati.

Nilikuwa nimeshika kanga ya mama iliyonuka moshi na maziwa. Mdogo wangu alikuwa mgongoni mwake, anachemka kwa homa. Nyumbani mama aliongea Kisukuma tu, polepole, macho chini.

"Mama, muda umekwisha, mje kesho," nesi akasema, akifunga mlango.

Mama akamtazama usoni. "Hapana, nesi. Mtoto huyu hatoki hapa bila kupimwa."

Kilikuwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Nesi akafungua tena mlango.

Niliamini kwamba ndani ya mama anaishi mwanamke mwingine, mrefu kuliko yeye. Wakati wa kurudi nilitembea nyuma kwa adabu, kama vile tuna mgeni.

Tulipofika, babu alikuwa uani. Mama akapiga magoti mbele ya mkwe wake, akamwamkia kwa Kisukuma, macho chini. "Mwadila, baba." Nikachungulia nyuma yake, nione kama yule mwingine bado amesimama.

Juzi, binti yangu alipopiga magoti, nilichungulia tena, nyuma yake.