Pweza wa Nazi Mbele ya Madiwani

Mpaka leo nikipita kijiji cha Pande huvuta kofia hadi kwenye nyusi, na nitawaambia sababu ilimradi msinicheke mbele ya watoto wangu.

Huko kulikuwa na dada mmoja, mtafiti wa viumbe vya baharini, Dokta Mwanaidi, aliyekuwa akiwaomba madiwani wapitishe sheria ndogo ya kufunga miamba kwa msimu ili pweza wakue na kuzaa kabla ya kuvuliwa. Mara ya kwanza aliwaonyesha michoro ukutani, wakasinzia, kisha wakakataa. Akabakiwa na kikao kimoja tu, wakikataa tena basi miamba ndiyo imekwisha. Ndipo akanitafuta mimi, mtu wa kidato cha nne niliyezurura kuanzia Mafia hadi Mtwara na kurudi kwa kukumbuka nyumbani tu (kazi hazikunishinda, mimi ndiye niliyezichoka), nimfundishe kuzungumza na watu wa kwetu.

"Dokta," nikamwambia, "acha michoro. Unaposema, tazama bahari pale dirishani, maneno yatoke moyoni. Na huku hasikilizwi mtu kwa tumbo tupu, chakula niachie mimi."

Hapo ndipo nilipojimaliza, maana nilimwendea Mama Shani mpishi nikamwambia apike kitu cha kuwafanya waheshimiwa wasitoke kabla ya kura, nikaondoka bila kuuliza ni kitu gani, najiona mshauri wa taifa, hata shati nimenunua jipya.

Siku ya kikao Dokta akageukia dirisha kama nilivyomfundisha, nyuma yake sahani zikapita, harufu ya nazi ikajaa ukumbini, na mimi nikaona kilichomo: pweza wachanga, wazimawazima, kila mmoja anaenea kiganjani. Jasho likanitoka. Nikamkonyeza Mama Shani awaondoe, akadhani naomba nyongeza, akanijazia! Nikaanza kuwala upesi upesi, angalau ushahidi upungue.

"Waheshimiwa," Dokta anasema kwa uchungu, macho baharini, "tukiendelea kuwala wakiwa wachanga, wajukuu wetu watawaona kwenye picha."

Mzee Bakari, mwenyekiti, akainua mmoja kwa vidole. "Mwanangu Dokta, kwani hawa tunaowala ni wazee?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Dokta akageuka. "Nani kaleta chakula hiki?" Macho yote yakanielekea, na mimi mkono wa pweza unaning'inia mdomoni.

Alinitazama (mtazamo ule nitazikwa nao), kisha akaenda kwa mzee, akampokea yule pweza na kumlaza kiganjani mwake. "Huyu hajazaa hata mara moja, baba. Angeachiwa msimu mmoja tu, angeijaza sufuria peke yake."

Hakuna aliyesinzia. Sheria ikapita, na Mzee Bakari ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono, ingawa alimalizia mchuzi kwanza.

Siku hizi Dokta huwafundisha watafiti wenzake namna ya kuzungumza na viongozi, na nasikia mkasa wangu ndio anaoanza nao. Mimi huko Pande naitwa Mla Vichanga. Nimeapa, kikao chochote nitakachokihudumia tena ni maharage, na sufuria nitaifunua mwenyewe, hukohuko jikoni.