Kisanduku cha Walio Baharini

Mimi si mtu wa kuogopa vivuli. Nimesomea kompyuta, na ukiniletea habari za mizimu nakuuliza kwanza umekula nini. Lakini kile kisanduku, loo, kilinitoa jasho.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kampuni moja ya boti za abiria kati ya Nosy Be na Mahajanga ilinipa kazi ya kuitengenezea mfumo wa kompyuta, ikaninunulia na programu ya kuchorea mifumo. Unachora visanduku na mishale, nayo inakagua. Kila kinachoingia mahali lazima kiwe na njia ya kutoka, la sivyo inakugomea.

Nilichora abiria akipanda Nosy Be, akiingia kisanduku nilichokiita "walio baharini", akishuka Mahajanga. Programu ikagoma: humo kuna wanaoingia wasiotoka. Nilijua kwa nini. Nilikuwa nimechora desturi ya gati letu la Mahajanga kama ilivyo. Boti ikifunga gatini, mwitaji huita majina, na kila mtu huitika ndipo ashuke. Asiyeitika huitwa tena boti ijayo, na ijayo, mpaka ndugu yake amwitikie. Hapo jamaa wamekubali kumsomea hitima.

Aliyebaki akiitwa ni mmoja tu, mjomba wangu. Wakati wa fujo za miaka ya sabini, sisi wenye asili ya Komoro tulipokuwa tukiwindwa mjini, alikimbilia Andilana, kule Nosy Be. Kulipotulia akapanda boti kurudi kwetu. Abiria wenzake walimwona sitahani akila muhogo. Boti ilifika salama, bahari shwari kabisa. Yeye hakushuka.

Mama, dada yake, hakukosa boti hata moja, wala hakukubali kumwitikia. "Nikimwitikia nimemzika," alisema kwa Kikomoro chetu. Sasa mfumo wangu ungeanza kuhesabu abiria kwa tiketi, na kuita kungekoma. Nilipomweleza alinishika mkono.

"Mwanangu, wakiacha kumwita, atajuaje pa kushukia?"

Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani. Nikakifuta kile kisanduku. Kesho yake nafungua mashine, kimerudi mahali pake. Nikafuta tena, kikarudi tena. Nilitukana matusi ambayo mama angeyasikia angenitia pilipili mdomoni. Baadaye nilielewa: nilikuwa nafuta picha tu. Kitu chenyewe kilikaa ndani, katika kamusi ya mradi, ile orodha ya vitu vyote vya mchoro, na programu hukichora upya maadamu kuna mshale unaokigusa. Nilielewa vizuri sana, na bado nywele zilinisimama.

Siku ya mwisho ya kuita nilikwenda gatini na mama. Mchana kweupe, jua la kuchoma. Njia nzima nilimsihi amwitikie kaka yake, yaishe. Tulifika kabla kamba hazijafungwa, tukasimama karibu na mwitaji. Majina yakaitwa, watu wakashuka, mwitaji akavua miwani akaanza kuondoka.

"Na yeye?" mama akamfokea. "Mbona hukumwita?"

"Nimemwita wa kwanza, dada yangu. Ameitika. Hamkumsikia?"

Mama akauliza sauti yake ilikuwaje.

"Imekauka kidogo," akajibu, akaenda zake.

Nikajiambia huyu anamhurumia mama, basi. Nilimchukia kwa huruma ile. Nikaenda moja kwa moja ofisini nichore mwenyewe mshale wa kutoka, niuandike "kufariki", nimalize. Kabla sijachora chochote, nikabonyeza kukagua. Hakuna kosa. Nikatazama mchoro: mshale ulikuwapo, ukitoka "walio baharini", bila jina. Sikuuchora mimi. Na ofisi nzima hakuna mwingine aliyejua hata kuiwasha programu ile.

Nyumbani nilimkuta mama amekaa mkekani. Nikamwambia kwamba sasa tumsomee hitima.

"Hitima ya nani? Si wamesema kafika?" Kisha akalia, kilio cha mtoto, mimi nikalia naye. Alipotulia akanitazama machoni. "Ila kama kafika, mwanangu, mbona hajaja nyumbani?"

Aliinuka akalitoa komeo la mlango, akalitupa uvunguni. Mama ametangulia mbele ya haki siku nyingi. Komeo sijalirudisha.