Simu ya Shangazi Kwenye Kanzu Yangu

Kwanza ilisikika taarabu, nyembamba na tamu, kabla hatujajua ni simu gani inalia. Nilikuwa nimesimama mbele ya wenzangu, ofisini kwetu Wattaya, nikihubiri ulinzi wa siri za kampuni. Tulikuwa tunagombania zabuni ya magari na kampuni ya jirani, na bei zetu zote zilikuwa ndani ya simu zetu.

"Atakayekutwa na simu isiyo na namba ya siri," niliapa, "anatoka kwenye zabuni hii. Hata awe nani!"

Taarabu ikazidi. Nikawakodolea macho mmoja mmoja, mpaka Bi Salma, meneja wetu, akasema, "Mbona inalia kwenye kanzu yako?"

Nikaitoa. Ilifanana na yangu kabisa, ila namba iliyokuwa ikipiga ndiyo yangu. Jana yake, Ijumaa, familia nzima tulikula kwa shangazi yangu, huko Al Amerat, na kwake simu zote huwekwa kwenye sinia mlangoni ili watu wazungumze.

Kuonyesha kwamba sina la kuficha, nikafungua spika.

"Mwanangu, umenchukulia simu yangu! Yako nnayo miye. Kapiga kijana wa kampuni ya jirani yenu, ana adabu huyo! Kauliza bei za magari, nikamsomea zote. Bahati hukuifunga, alhamdulillahi!"

Namba ya siri ilikuwa ikinichelewesha, nilikuwa nimeiondoa.

Bi Salma alijiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. "Umeapa, kaka."

Kweli niliapa. Nikaiacha zabuni mezani, nikatoka kichwa juu. Kicheko kilinisubiri mpaka mlango ukafungwa nyuma yangu.