Chupa Moja ya Plastiki

Dada yangu ni fundi cherehani, lakini ukitaka kumwona anacheka peke yake, mkute Jumapili anakoroga shayiri kwenye sufuria. Bia yake, jamani! Miaka sita aliitia kwenye chupa za plastiki, zile za soda, kwa sababu moja tu: plastiki unaiminya. Ikiwa laini, gesi bado. Ikikaza, basi, peleka kwenye friji.

Mama mkwe wake ana mdomo, Mungu anisamehe. Dada alipompelekea chupa nne, mama huyo aliziacha pale pale mlangoni. "Mkamwana, hii bia au mafuta ya taa? Baba mkwe wako anastaafu mwezi ujao, wageni watajaa hapa. Lete kwenye chupa za kioo kama watu, au usije kabisa."

Miaka kumi na moja ya ndoa, nyumba ile haijawahi kumwomba dada chochote. Sasa wamemwomba. Akaona hapo ndipo atakapopata kiti mezani kwao. Nikamwambia achana nao. Wapi!

Akaokota chupa thelathini za kioo kwenye baa ya jirani, akazichemsha, akaazima mashine ya kubana vizibo. Katikati yao akaweka moja ya plastiki, bia ile ile, siku ile ile. "Kioo hakiminyiki," alisema. "Hii ndiyo itaniambia. Ikikaza, na hizo zimeiva."

Siku ya nne nikamfuma shemeji, mume wa dada, stoo, ameiweka ile ya plastiki mdomoni. Akacheua, akanikonyeza. "Shemeji, usiniuze bwana. Nafuta vumbi la barabarani tu." Akajazia maji ya bomba, akafunga. Nikacheka, mpumbavu mimi. Nilimwona tena siku ya sita, na ya tisa, nikacheka tena.

Dada kila asubuhi anaminya: laini. Kesho: laini. "Hii hamira imelala," akawa analalamika, na sherehe yenyewe inakaribia. Siku ya kumi na mbili akayaburuta makreti ya chupa mpaka karibu na jiko, zipate joto ziamke. Adhuhuri akainama kuiminya ile ya plastiki. Za kioo zikapasuka tatu kwa mpigo.

Jicho la kulia halikuokolewa. Fundi cherehani, jamani, na jicho moja.

Mama mkwe alikuja hospitali, akakaa na mkoba wake mapajani. Hakumuuliza hali. "Niliomba chupa za kioo," akasema, "sikuomba mabomu. Mtu kama kazi haijui si aseme?"

Dada akasema polepole, "Kosa langu, mama. Nilidhani gesi bado."

Shemeji yuko pale pembeni, anaangalia viatu vyake. Nikamngoja aseme. Kweli akasema: "Mimi nilimwambia asiwe na haraka."

Loo! Damu ikanipanda kichwani. "Muongo mkubwa wewe! Si ni wewe uliyekuwa ukiifungua ile ya plastiki na kuijazia maji? Ingekaza saa ngapi?"

"Nilikuwa naonja tu," akasema shemeji. Mama mkwe akafungua mkoba, akafunga.

Dada hakumtazama hata mmoja wao. Aligeuza kichwa chenye bandeji taratibu, mpaka lile jicho lililobaki likanipata mimi.

"Na wewe ulijuaje?"