Voile ya Papa Nestor

Wanaosema nilikosea waje wasome simu yangu. Ujumbe wa Nestor Kasika bado upo: "Mama Adelaïde, unishonee voile moja nyeupe, kubwa, ya nguvu. Usiambie Hélène. Nataka nimushangaze." Mimi ni fundi wa nguo za arusi hapa Sake. Kwangu voile ni ile ya kichwani mwa bibi arusi, na Hélène ndiye mke wake. Mlitaka nielewe nini?

Nestor namjua tangu alipokuja kutoka Butembo. Miaka mingi alivusha maharagwe ziwani kwa mtumbwi mrefu wa mota, uliohitaji wanaume wanane kuuvuta nchi kavu, na yeye kazi yake ilikuwa kuwapigia kelele wote wanane. Mwaka huu magoti yakamshinda, akauuza. Kumbe kwa siri alikuwa amemwagiza seremala mtumbwi mdogo wa tanga, uliopimwa ulale sawasawa juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Aushushe ziwani asubuhi peke yake, aurudishe uani jioni. Habari za tanga hakuna aliyeniambia.

Siri niliitunza. Nilimwambia Muhawenimana tu, muuza maandazi wa jirani, tena nilimwapisha. Kufika saa sita mchana Hélène alikuwa amefunga nyumba na kupanda mlimani Mushaki kwa dada yake. Nestor alimtolea mahari miaka thelathini na miwili iliyopita, lakini kanisani hawakuwahi kufika. Kila mwaka mume alisema mwaka ujao. Sasa anasikia voile imeagizwa, tena yeye asiambiwe.

Kesho yake asubuhi, Nestor, aliyedhani mkewe kaenda kusalimu tu, akanijia akisukuma chukudu, mtumbwi juu.

"Mama, leta voile tuifunge."

Nikaileta: tule nyeupe, kile kitambaa chepesi cha wavuwavu, maua pembeni, pindo nimelishona mara mbili kwa sababu alisema ya nguvu. Akaiinua, akanitazama kupitia humo.

"Upepo yote itapita humu."

"Upepo gani, Papa? Mu kanisa?"

Tukatazamana. Tanga nalo kwa Kifaransa ni voile. Nestor akacheka mpaka akakaa chini. Nilipomweleza kwa nini Hélène ameondoka, kicheko kikakatika. Aliogopa, na mimi niliona aibu, nasema wazi.

Akashikilia kwamba bila kuuona mtumbwi Hélène hatasadiki. Basi tukaupandisha mlimani kwa chukudu, yeye akishika usukani, mimi nikisukuma nyuma na voile begani. Magoti yake yalilia kila kona, hakukubali turudi. Karibu na Mushaki mchunga ng'ombe mmoja akatusimamisha kwa upole.

"Papa, ziwa iko kule chini."

"Najua," Nestor akajibu.

Hélène alikuwa mlangoni kwa dada yake akichambua maharagwe. Hakuinua macho.

"Hakuna bibi mwingine," Nestor akasema, akihema. "Angalia mwenyewe. Voile ilikuwa ya mutumbwi."

Nilidhani atacheka. Akautazama mtumbwi, akaitazama voile begani mwangu, machozi yakamtoka.

"Kumbe ni mutumbwi ulitafutia voile," akasema. "Mimi nangoja miaka makumi tatu na mbili."

Mtu aliyewapigia kelele wanaume wanane akanisogelea polepole. Akaichukua ile voile begani mwangu, akamwekea Hélène mapajani, juu ya maharagwe.

"Twende kwa Padiri."

"Unasema vile juu ya kuogopa?"

"Ndiyo. Naogopa sana."

Hélène akapangusa mikono kwenye kitenge chake. Akaikunjua tule polepole, akaipima kutoka kichwani kushuka, ikaishia kiunoni. Akanigeukia mimi.

"Mama Adelaïde, hii iko kipimo ya mutumbwi. Yangu ifike mpaka chini."