Dari Isiyotaka Moto

Saa kumi na moja alfajiri, kijiko kinagonga kikombe jikoni mwa jumba la Thornby, Derbyshire. Maureen Platt, mtunza nyumba, anamkorogea chai fundi wa chokaa, Enid Garside, mwenye miaka sitini na mbili. Mwandishi wa makala haya ameketi kando yao.

"Leo hutatetemeka, shoga," anasema Maureen. "Nimewasha moto ukumbini tangu jana usiku, dari yako ikauke upesi."

Enid anaweka kikombe chini. Anatoka kwenda ukumbini.

Dari ya ukumbi wa chakula ina zaidi ya karne mbili. Ni maua na vichala vya zabibu, vyote vya chokaa iliyochanganywa na manyoya ya mbuzi, vikishikiliwa na fito za mbao. Mvua za mwaka jana ziliangusha kona moja, na Enid anaijenga upya tangu Januari. Isiposhika kufikia Pasaka, wenye jumba wataibomoa yote na kupigilia mbao tupu.

Chokaa hutaka unyevu na muda. Ikikaushwa kwa pupa, hupasuka.

Enid anapanda jukwaa la ujenzi, anaigonga dari taratibu, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa. Nyufa zipo, nyembamba kama nywele.

Chini, Maureen amekwisha kuelewa. Anayatoa makaa kwa ndoo huku machozi yanamtoka.

"Nimekuharibia, Enid."

"Kama ni kulia, njoo ulilie huku juu. Dari inataka maji."

Maureen anacheka huku akipangusa kamasi. Asubuhi nzima wanalowesha magunia na kuyabandika darini. Enid anazikandamiza nyufa kwa mwiko, polepole.

"Baba alinifundisha kwa kunishika mkono," anasema. "Maneno hakuwa nayo."

Adhuhuri anaingia msimamizi wa jumba, Bwana Fairclough. Anazitazama nyufa. "Hii imetokeaje?"

Maureen anafungua kinywa. Enid anamtangulia.

"Imekauka haraka, bwana. Ni ngozi ya juu tu. Sikiliza." Anagonga, na mlio unarudi mzito, umejaa. "Ndani imeshikana na fito. Niachie hadi Ijumaa Kuu."

Bwana Fairclough anasikiliza tena. "Haya. Ijumaa Kuu."

Akishatoka, Maureen anamfuta Enid chokaa shavuni kwa pindo la aproni.

Enid anatamani kuimaliza hii, kisha astaafu. Anamgeukia mwandishi.

"Rudi Pasaka, mama. Ulale chali hapo sakafuni uitazame vizuri. Uje na mto. Hayo mawe yana baridi."