Mti Unaotafunwa Kwanza

Shati langu la kwanza mama alilifua msimu wa mvua, huko Karusandara, akalikausha juu ya moto. Nilipoingia darasani watoto wakaziba pua. "Huyu amelala jikoni!" Mimi na shule tukaachana wiki ileile, ndiyo maana hata sasa naandika polepole. Lakini moshi ule niliupenda. Ulikuwa wa mgunga, na mgunga haunuki vibaya, wale hawakujua kitu.

Basi mgunga huo ndio ukaja kunilisha uzeeni hapa Bwera, nikichoma mbuzi siku za soko. Mgunga ni wa kuchoma. Mzeituni wa mwitu ni wa kukausha nyama kwa moshi. Ule mti wenye maziwa meupe usiuguse, utakupofusha.

Tangu mke wangu afariki, wa kukaa nami alikuwa mmoja tu: mzee wa Butembo, mkimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka, tukichoma pamoja. Kila soko alivunja kijiti cha kuni zangu, akatafuna kuonja ni mti gani, akatema. "Iko muzuri, yaya." Kwao yaya ni ndugu mkubwa. Asipotafuna, hatuwashi. Wanawake wa ndizi walitutania: "Wazee kuleni kuni, nyama mtuachie sisi!"

Siku hizi migunga imekuwa ya kutafutwa mbali, kila mahali wamepanda kalitusi, yaani mikaratusi. Siku moja ya soko goti liliniuma, sikwenda huko mbali. Nikapata kalitusi hapa karibu, nikaipanga chini, juu nikaweka mgunga kidogo. Niliogopa akijua atahamia moto wa mtu mwingine, nami nibaki peke yangu.

Akatafuna kijiti cha juu. "Iko muzuri." Tukawasha. Muda si muda nyama ikanuka dawa ya mafua. Akakata kipande, akala taratibu.

"Yaya, hii muti umetoa fasi gani?"

"Palepale pa siku zote."

"Palepale?"

"Kwani ulimi wako umezeeka, mzee?"

Wanawake wakacheka. Hapo ningemwambia habari ya goti. Goti angelielewa, maana yeye mwenyewe alitembea kwa fimbo kutoka kwao. Badala yake niligeuza nyama kama mtu mwenye kazi nyingi.

Alinawa mikono, akafuta kisu chake, akakifunga kwenye kitambaa, akashika njia ya mpakani. Nikadhani anaenda kukojoa, nikamwekea mbavu pembeni. Hakurudi siku ile, wala soko lingine lolote.